Mela ya Surajkund na Njia ya Nguo Hadi Kilombero

Maonesho ya Surajkund, yanayofanyika kila Februari mjini Faridabad, katika jimbo la Haryana jirani na Delhi, yalianzishwa mwaka 1987 ili mafundi wa mikono wa India wapate mahali pa kuuza kazi zao. Wahindi huyaita mela, yaani mkusanyiko ambamo biashara, chakula, muziki na ngoma havitenganishwi, na hufanyika basant inapoingia, majira ya kuchipua ambapo baridi ya kaskazini hulegea na haradali huchanua njano mashambani. Kila mwaka jimbo moja hupewa nafasi ya mbele; mwaka 2024 nafasi hiyo ilikuwa ya Gujarat, na nchi iliyoalikwa kuwa mshirika ilikuwa Tanzania.

Kwa mkazi wa Lipangalala, kata ya mji wa Ifakara, kukutanishwa huko kwa Gujarat na Tanzania kuna uzito wa pekee, kwa kuwa Wahindi wengi waliofungua biashara Tanganyika walitoka Gujarat, hasa Kutch na Kathiawar, wakavuka bahari kwa majahazi yaliyosukumwa na kaskazi, kisha wakaufuata mpunga hadi bara. Katika bonde la Kilombero, uliko mji wa Ifakara, walinunua mpunga na kuuza nguo, na neno lenyewe duka likazoeleka kama la wenyeji. Kaniki, nguo ya pamba yenye rangi iliyokolea ya nili, ilikuwa miongoni mwa bidhaa za India zilizovaliwa kwa muda mrefu kote bara, na rupia, fedha ya Kihindi ambayo Wajerumani waliiga kwa kutoa rupia yao, ilitawala malipo hadi shilingi ilipochukua nafasi yake baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia.

Kalenda za India na Kilombero, hata hivyo, hazikulingana kamwe. Basant inapotangulia mavuno ya ngano ya kaskazini mwa India, bonde la Kilombero huwa linaingia masika, maji yanatanda mbugani, na mpunga hukomaa tu mafuriko yakishapungua, kuanzia Mei. Ndiyo maana sherehe za kiangazi za bonde, ngoma na harusi, hufuata mavuno, na biashara ya nguo nayo ilichangamka wakati huo. Baadaye, Azimio la Arusha la mwaka 1967 na utaifishaji wa majengo mwaka 1971 viliwaondoa wafanyabiashara wengi wa Kiasia nchini, lakini chapati na sambusa zilibaki.

Historia iliyoandikwa imehesabu zaidi kilichoingia bondeni kuliko ustadi uliokuwamo, na huo ni upungufu mkubwa. Wanawake wa Ifakara husuka mikeka ya ukindu, na wapo wanaofuma vitambaa vya pamba kwa mikono, kazi inayostahili kuwekwa kando ya patola ya Patan, hariri ya Gujarat ambayo nyuzi zake za urefu na za upana hutiwa rangi kabla ya kufumwa, kiasi kwamba mfumaji hulazimika kulinganisha kila uzi na mwenzake ili ua litokee, na shuka moja humchukua miezi mingi.