Habari za Ukoo wa Thüringen

Jina la Elisabeth Mtakatifu wengi wetu twalijua, lakini habari za ukoo alikoolewa hazisimuliwi sana. Nasi tumeona vema kuzieleza.

Ukoo huo ulikuwa wa mabwana wa Thüringen, katikati ya Ujerumani, wenye ngome ya Wartburg juu ya mji wa Eisenach. Wengi wao waliitwa Ludwig, hata kuwatambua mmoja mmoja ni kazi. Mmoja alimwoa binti mrithi wa nchi ya Hessen, na hivyo nchi ya pili ikapatikana kwa arusi, si kwa upanga. Mwaka 1131 Mfalme Lothar III akampa cheo cha landigrafu, yaani liwali mkuu asiye na bwana juu yake ila mfalme.

Ludwig IV alimwoa Elisabeth, binti wa mfalme wa Hungaria, mwaka 1221. Miaka 6 baadaye akafa Otranto, nchi ya Italia, akiwa safarini kwenda vita vya msalaba. Mjane akaiacha ngome, akajenga hospitali Marburg katika Hessen, akawauguza maskini kwa mikono yake hata alipofariki mwaka 1231. Mwaka 1235 Papa Gregori IX akamtangaza kuwa mtakatifu.

Mwana wao Hermann alikufa mwaka 1241 bila mtoto. Utawala ukamwangukia baba yake mdogo, Heinrich Raspe, aliyeoa mara tatu asipate mtoto, naye akafa mwaka 1247.

Basi nani arithi? Heinrich wa Meissen, mpwa wa marehemu, alikuwa na ahadi ya Kaisari Friedrich II tangu mwaka 1243. Kwa upande wa pili alisimama Sophie, binti wa Elisabeth, aliyefiwa na mumewe, mtawala wa Brabant, mwaka 1248. Mwanawe, Heinrich, alizaliwa mwaka 1244 tu. Sophie akamleta mtoto Marburg, penye kaburi la mama yake, na katika hati zake akajiita binti wa Elisabeth Mtakatifu. Kwa maoni yetu jina hilo lilimfaa kuliko askari, maana watu wa Hessen walimkubali.

Vita vikaendelea hata mwaka 1264. Ndipo nchi zikagawanywa: Thüringen ikawa ya Meissen, na Hessen ikawa ya yule kijana, nazo hata leo ni majimbo mawili. Heinrich wa Hessen alikufa mwaka 1308, akazikwa Marburg, katika kanisa lenye jina la bibi yake.