Kilomita Tatu za Mraba

Kundi letu la WhatsApp lilikuwa likipanga safari ya kuona wanyama. Maasai Mara ikatajwa, kama kawaida, na hesabu ya petroli na malazi ikatunyamazisha sote. Mimi mtu wa Misikhu nikapendekeza Saiwa. Mmoja akauliza ni kubwa kiasi gani. Nikamwambia: chini kidogo ya kilomita 3 za mraba.

"Hiyo si mbuga," akajibu. "Hiyo ni shamba la khocha."

Alikuwa anatania, ila aligusa historia yenyewe.

Kutoka Misikhu njia ni moja tu. Unapanda matatu, unapita Kamukuywa na Kiminini, unashuka Kitale. Barabara hiyo hiyo inaendelea kuelekea Kapenguria, na kilomita kama 20 hivi baada ya mji unaacha lami na kuchukua boda ya Kipsaina. Usitarajie nyika. Utaona mahindi, ng'ombe wa maziwa, mahindi tena. Halafu ardhi inashuka kwenye bonde lililojaa matete na mafunjo. Hicho ndicho kinamasi cha Saiwa, mbuga ya taifa iliyo ndogo kuliko zote Kenya, iliyotangazwa mwaka 1974.

Ilikujaje kubanwa hivyo? Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, serikali ya kikoloni iliwagawia askari wazungu waliotoka vitani mashamba makubwa ya Trans Nzoia. Reli ikafika Kitale mwaka 1926, mahindi yakapata njia ya kwenda sokoni, na kila mahali palipoweza kulimika pakalimwa. Uhuru ukaja, mashamba yakauzwa, yakagawanywa, na Wabukusu wengi kutoka upande wetu wakavuka kwenda kununua ekari zao. Wenye mashamba walibadilika, kilimo hakikubadilika. Kinamasi kilipona kwa sababu isiyo na heshima yoyote: trekta ingezama.

Humo ndani alibaki nzohe. Ni ndugu wa pongo, ila kwato zake ni ndefu na hupanuka ili asizame kwenye tope. Akishtuka hujitosa majini na kuacha pua tu juu. Wanasayansi wa Ulaya walimpa jina la Speke, yule Mwingereza aliyepita akitafuta chanzo cha Nile. Waganda nao walishakuwa na ukoo mzima unaobeba jina lake, Njobe, ambao watu wake hawamli. Lakini haya, wacha tusigombanie jina. Mbuga ilitengwa kwa ajili yake, na mpaka ukachorwa kulifuata tope: mwembamba, mrefu, mahindi huku na mahindi kule.

Shida ni kwamba mpaka haushiki maji. Mto Saiwa unapita kwanza kwa watu kabla ya kuingia mbugani, na unabeba mbolea na udongo wa shamba la yeyote anayelima hadi ukingoni. Kwa hiyo uhai wa nzohe unaamuliwa na jirani zaidi ya askari wa KWS. Huko Kipsaina majirani wenyewe waliunda kikundi cha kulinda korongo taji na vinamasi, na wamekuwa wakipanda miti ya kienyeji kando ya maji. Kwangu mimi hao ndio mbuga, kuliko lile lango.

Nasema hivyo kwa sababu kukhu wangu alikuwa na kipande chake cha kinamasi nyumbani. Kilitoa nduma, matete ya kuezekea, na maji ya ng'ombe hata Januari. Nikiwa shule ya msingi kikapandwa blugamu, ikauzwa nguzo za stima, na karo yetu ikalipwa. Leo hapo ni pakavu na tunanunua maji kwa mtungi. Siwezi kumlaumu mtu. Mimi mwenyewe nilisomeshwa na hizo nguzo.

Sasa, kuhusu safari. Saiwa gari haliingii, ni miguu tu, kwenye njia za mbao juu ya tope hadi majukwaa ya kuchungulia. Lipeni kiingilio mapema kwa eCitizen. Nendeni kati ya Desemba na Februari, kabla mvua haijageuza barabara ya Kipsaina kuwa uji, na muwe jukwaani alfajiri, wakati nzohe anatoka kula. Simba hakuna. Kuna kima wa De Brazza mwenye ndevu nyeupe kama za mzee wa baraza, na mkipiga kelele hamtamwona hata huyo.

Tumekubaliana Januari. Yule wa shamba la khocha ameuliza kama nzohe atakubali selfi. Nimemwambia alete darubini na gambuti, na siku ya kwanza tutalala kwetu Misikhu, ila kila mtu atabeba mtungi wake wa maji.