Tako la Gobori ni Shahidi

Ndugu msomaji, kijana mmoja niliyemsomesha zamani, ambaye leo anakaa Mpwapwa katika mkoa wa Dodoma, alinijia kunitaka shauri. Babu yake alimwachia gobori, nalo limeandikishwa polisi kwa mujibu wa sheria. Tako lake lina ufa, na shingoni limeshonewa ngozi ya ng'ombe. Alitaka aibandue ngozi, aupige mti msasa, kisha aupake vanishi ung'are kama mpya. Nikamwambia: Subiri, mwanangu. Kwanza ujue unataka kufuta nini.

Silaha hizi hazikuzaliwa Ugogo. Majeshi ya Ulaya yalipopata bunduki za kutiwa risasi kwa nyuma, katika miaka ya 1860 na 1870, magobori yao ya kale yaliuzwa kwa bei ndogo, na mengi yakaletwa Unguja. Kutoka huko yalivushwa hadi Bagamoyo, yakapanda bara pamoja na misafara, yakapita Mpwapwa na Ugogo kwenda Unyanyembe. Ugogo ni nchi kavu, na mwenye kisima ndiye mwenye amri. Watemi wake wakitoza hongo ya nguo na shanga kabla msafara haujapita.

Sasa tazama ile ngozi. Shingo ya tako ndipo mti ulipo mwembamba, na bunduki ikianguka hapo ndipo inapovunjika. Fundi wa bara alishona ngozi mbichi ingali imerowa. Ikikauka hujikaza, ikaubana mti barabara. Mwenye kuibandua ameitupa kazi ya fundi yule.

Na Mpwapwa yenyewe ina habari yake. Mwezi wa Juni 1889, Abushiri bin Salim, aliyepigana na Wadachi pwani, aliishambulia ngome yao huko. Tarehe 15 Disemba mwaka huo huo akanyongwa Pangani. Habari hiyo sisi watu wa pwani twapenda kuisimulia. Lakini magobori hayo hayo yalilinda pia misafara ya watu waliofungwa minyororo. Ndiyo maana mkataba wa Brussels wa mwaka 1890, uliopinga biashara ya utumwa, ulibana pia uingizaji wa silaha Afrika: mambo mawili hayo yalikwenda pamoja. Na dini yetu inatuamrisha kutoa ushahidi wa haki, hata ukiwa juu ya nafsi zetu.

Basi nikamwelekeza hivi. Kwanza fundi wa silaha alikague, kwani baruti huweza kukaa mtutuni miaka mingi. Mti upanguswe kwa kitambaa laini, wala usipigwe msasa. Palipobonyea, kitambaa chenye unyevu na pasi ya moto huuinua mti kwa mvuke. Lakini alama zilizochongwa kwa kisu ziachwe. Ufa utiwe gundi, ukabanwe mpaka ukauke. Kisha mafuta ya kitani, kidogo kidogo, siku baada ya siku. Ama ile ngozi, ibaki mahali pake.

Kijana akanyamaza, kisha akasema: "Sheikh, na wanangu wakiniuliza lilifanya kazi gani?"

Nikamjibu: Waambie yote unayoyajua, la fahari na la aibu. Kulinyoosha tako ni kazi ya siku chache. Kuusema ukweli wake ni amana ya umri mzima.

Wabillahi tawfiq.