Malazi ya Ng'ambo: Mtwapa na Wageni wa Mombasa

Mtwapa ni mji wa pwani ya Kenya uliokaa ukingo wa kaskazini wa mkono wa bahari wenye jina hilohilo, yapata kilomita 16 kutoka kisiwa cha Mombasa kwa barabara ya Malindi. Kusini ya maji ni kaunti ya Mombasa, na kaskazini yake ni Kilifi. Anayetaka kuonja kisiwa na fuo zake lakini mfuko haumruhusu kulala hoteli ya ufukweni hutafuta chumba hapa. Watu hudhani desturi hiyo ilikuja na ndege za watalii. Hakika ni kwamba ukingo huu ulikuwa ukipokea wageni kabla Vasco da Gama hajatia nanga Malindi mwaka 1498.

Ushahidi wa kale zaidi wa malazi ya kulipia huenda ni magofu ya Jumba la Mtwana, karibu na mlango wa mkono huo wa bahari. Mji huo ulistawi katika karne ya 14 ukahamwa mapema katika karne ya 15, na hakuna maandishi ya zamani yanayoutaja. Mwanaakiolojia James Kirkman aliufukua mwaka 1972, na nyumba zikapewa majina kwa sura zilizobaki nazo. Moja ni Nyumba ya Milango Mingi. Mpangilio wake haufanani na wa nyumba ya familia moja, na ndiyo sababu imedhaniwa kuwa ilikuwa nyumba ya kupangisha wageni. Ni dhana tu, maana kuta za matumbawe hazina risiti, lakini ni dhana inayoafiki mahali. Hatua chache kutoka hapo, juu kidogo ya mchanga, upo msikiti unaoelekea bahari pamoja na birika la maji na mahali pa kunawia miguu. Aliyeshuka chomboni na chumvi mwilini hakuhitaji kwenda mbali.

Urefu wa ziara ya mgeni uliamuliwa na upepo. Kaskazi, inayovuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi, ilileta vyombo kutoka Uarabuni, Ghuba ya Uajemi na India. Kusi ndiyo iliyovirudisha. Katikati ya pepo hizo mbili mfanyabiashara alikaa majuma au miezi, akiuza nguo na vyungu vyake, akinunua pembe za ndovu, mikoko na nafaka, na kila siku lazima ale na alale. Gharama ya malazi ingekuwa sehemu kubwa ya hesabu ya safari.

Jawabu la pwani lilikuwa mwenyeji. Msafiri Ibn Battuta, aliyepita pwani hii mwaka 1331, alieleza jinsi chombo kilipofika Mogadishu vijana walivyotoka kwa mashua na vyakula vilivyofunikwa, kila mmoja akimwendea mfanyabiashara mmojawapo na kutamka kwamba huyu ni mgeni wake. Tangu hapo mgeni alilala kwa mwenyeji huyo, naye mwenyeji ndiye aliyemuuzia na kumnunulia. Mombasa yenyewe Ibn Battuta alilala usiku mmoja tu, akaona kisiwa chenye ndizi na malimau lakini kisicholima nafaka, kikipelekewa chakula kutoka bara. Habari hiyo ya mwisho ni muhimu kwa Mtwapa: tangu enzi hizo kisiwa kilikuwa na wateja, na ng'ambo ndiko kulikokuwa na chakula. Wala desturi ya mwenyeji isichukuliwe kuwa ukarimu mtupu. Mgeni hakutozwa kitanda wala sahani, lakini faida ya mwenyeji ilitoka katika bei ya bidhaa, na mgeni aliyejaribu kuuza mlango wa pili alionekana mvunja ada.

Wengine hawakurudi na kusi. Magofu ya mji mwingine, Mtwapa yenyewe, yaliyochunguzwa na Chapurukha Kusimba tangu miaka ya 1980, yanaonyesha makazi yaliyodumu kwa karne nyingi hadi karne ya 18. Mifupa ya makaburi yake ilikuwa miongoni mwa ile ya watu 80 wa zama za kati na baadaye waliopimwa vinasaba, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2023 katika jarida la Nature. Matokeo yake yalionyesha watu wenye asili ya Kiafrika zaidi upande wa akina mama, na asili ya Kiasia, hasa ya Kiajemi, upande wa akina baba, mchanganyiko ulioanza yapata mwaka 1000. Kwa maneno ya mtaani, wageni walioa wakabaki.

Karne ya 19 haina mengi kwa habari hii. Eneo likawa la mashamba yaliyolimwa na watumwa, na baadhi ya watu wa ukoo wa Wamazrui, walioondolewa katika utawala wa Mombasa mwaka 1837, wakaweka makao Takaungu, kaskazini zaidi. Msafiri aliyepita alikuwa mpagazi, mfanyabiashara au mkimbizi, na hakuna aliyemtayarishia chumba.

Utawala wa Waingereza ulileta kikwazo kipya ambacho ni nauli ya kuvuka. Kutoka kisiwani kwenda Malindi msafiri alipita maji mara tatu: Nyali, Mtwapa na Kilifi. Nyali ilipata daraja la kuelea mwaka 1931, na aliyepita alilipa. Mtwapa palikuwa na kivuko kilichovutwa kwa mnyororo na nguvu za mikono, wavutaji wakiimba kwa zamu ili mikono iende pamoja. Kwa mzungu wa likizo nyimbo zile zilikuwa burudani ya safari, na kwa wavutaji zilikuwa kazi. Kilifi iliendelea na feri hadi daraja lilipofunguliwa mwaka 1991. Kila maji yalimchelewesha mtu, na kila kuchelewa kulizaa biashara ya chai, madafu, samaki wa kukaanga, na mkeka wa kulalia kwa aliyeshikwa na usiku.

Hoteli za ufukweni zilianza Malindi katika miaka ya 1930 na zikaenea kuelekea Nyali baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Zilikuwa za walowezi waliotelemka kutoka bara. Mwafrika aliingia kwa mlango wa jikoni, na ubaguzi huo haukupoteza nguvu mpaka uhuru wa mwaka 1963 ulipokaribia. Malazi ya wengi yalikuwa katika nyumba ya Kiswahili ya mitaa ya Mombasa kama Majengo: ukumbi mrefu katikati, vyumba pande zote mbili, na uwani jiko, choo na kisima. Mwenye nyumba aliishi chumba kimoja au viwili na kupangisha vilivyobaki kwa mwezi, kwa juma, hata kwa usiku. Gesti za leo zimerithi ramani hiyohiyo. Kilichoongezwa ni feni ya dari na choo cha ndani, ambacho kinamfanya mpangishaji aseme chumba ni "selfu" na apandishe bei.

Kuanzia mwisho wa miaka ya 1960 ndege za kukodi zilianza kumwaga Wajerumani, Waswisi na Waitaliano. Mgeni alilipia kwao kila kitu kwa mkupuo, kuanzia ndege, kitanda hadi chakula, akachukuliwa uwanja wa ndege na basi la hoteli na kuwekwa Shanzu, Bamburi au Kikambala. Kwa mtalii ulikuwa mpango wa bei nafuu. Kwa mwenyeji ulikuwa na dosari kubwa, kwani sehemu nzuri ya fedha haikutoka Ulaya, na kilichofika ni mishahara. Mtwapa, iliyo katikati ya Shanzu na Kikambala, ikawa mahali pa kulala wapishi, wahudumu, madereva na wacheza ngoma wa hotelini. Vyumba vilijengwa kwa ajili yao, mabaa yakafuata, kisha baadhi ya wageni wakagundua kwamba nje ya ua wa hoteli bia ni nusu ya bei. Wastaafu wa Ulaya walianza kupanga nyumba kwa miezi, hasa wakati kwao ni baridi, na ratiba yao ikaangukia tena msimu wa kaskazi.

Biashara hiyo imeanguka mara kadhaa. Machafuko ya Likoni, kusini ya kisiwa, ya Agosti 1997 yaliwafukuza watalii wa mipango ya kulipia kwa mkupuo. Tarehe 28 Novemba 2002 hoteli ya Paradise, Kikambala, ililipuliwa. Aprili 2020, kwa sababu ya korona, serikali ilifunga mipaka ya kaunti za Mombasa, Kwale na Kilifi, na aliyelala Mtwapa akifanya kazi kisiwani akajikuta mpaka umepita kati ya kitanda na mshahara wake. Kila mara hoteli kubwa ndizo zilizofunga kwanza, na gesti ndizo zilizofungua mwanzo, kwa sababu zilikuwa na wapangaji wa Kenya.

Sasa mgeni mkuu wa bei nafuu ni Mkenya wa bara. Treni ya Madaraka kutoka Nairobi, iliyozinduliwa Mei 2017, ilianza kwa nauli ya shilingi 700 daraja la kawaida, ikapanda hadi 1,000, na mwanzoni mwa 2024 hadi 1,500. Hata hivyo inamfikisha Miritini, na safari ya kwenda Mtwapa kwa matatu bado iko mbele yake. Hesabu yake ya siku haina siri. Asubuhi ni mahamri na mbaazi, mchana viazi karai au wali wa nazi kibandani, jioni chumba. Mji nao umevimba: sensa ya 2019 ilihesabu takriban watu 90,000, karibu mara mbili ya miaka kumi nyuma yake. Nyumba za ghorofa zenye vyumba vya kukodi kwa usiku kupitia simu zimesimama palipokuwa minazi, na Desemba bei za vyumba na nauli za matatu hupanda kwa pamoja. Barabara ya kutoka Mombasa hadi Kilifi imekuwa ikipanuliwa kuwa ya njia mbili kila upande, kazi iliyoanza mwanzoni mwa miaka ya 2020, na wenye vyumba wameshaanza kuingiza ukaribu huo katika kodi.