Kuzaa si kupumzika: safari ya haki ya mama kazini katika inchi yetu



Wiki hii mama mmoja aliniuliza karibu na bomba la maji: «Dada, kama mimba ilinikosesha cheo, sheria iko upande wa nani?» Kabla vita haijamuhamisha, alikuwa karani. Alipotoka konje ya uzazi, alikuta kijana ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kazi amekuwa mkuu wa biro. Shefu alimwambia tu: «Mama, uko na mtoto mdogo, pumzika kwanza.» Barua hakuna.

Neno hilo «pumzika» ni la zamani. Sheria ya watumishi wa serikali ya tarehe 17 Julai 1981 ilimpa mwanamke konje ya uzazi. Lakini ilisema pia kwamba mwenye kuichukua hana haki ya konje ya mapumziko katika mwaka ule ule. Serikali yenyewe ilihesabu uchungu wa kuzaa na usiku wa kunyonyesha kuwa mapumziko.

Tarehe 17 Oktoba 1986, Zaire ilithibitisha mkataba wa Umoja wa Mataifa wa kuondoa ubaguzi juu ya wanawake. Kifungu cha 11 kinataka mama apate likizo ya uzazi bila kupoteza kazi yake wala miaka yake ya utumishi. Hata mwaka haukuisha: tarehe 1 Agosti 1987 ikatoka Sheria ya Familia, iliyomtaka mwanamke aliyeolewa apate ruhusa ya bwana yake katika mambo ya sheria yanayomfunga, na mkataba wa kazi ukiwa ndani. Kwa wageni tuliahidi jambo moja, nyumbani tukaandika lingine.

Sheria ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 ilisema waziwazi: uzazi usiwe sababu ya ubaguzi katika kazi. Ni marufuku kumuomba mwanamke anayetafuta kazi apimwe mimba. Konje ni wiki 14 mfululizo, na zisizozidi 8 ni za baada ya kujifungua. Mama analipwa theluthi mbili za mshahara, mtoto awe hai au asiwe hai, na wakati huo mwajiri hawezi kuvunja mkataba. Akirudi, anapewa nusu saa mara mbili kwa siku ili anyonyeshe.

Ruhusa ya bwana ilingoja mpaka tarehe 15 Julai 2016. Siku hiyo Sheria ya Familia na Sheria ya Kazi zilirekebishwa pamoja. Tangu 1987, ni miaka 29.

Basi, mama yule wa bombani, jibu ni hili: sheria iko upande wako. Kunyimwa cheo kwa sababu ya mimba ni ubaguzi katika kazi. Ugumu uko kwenye ushahidi. Anayefukuzwa anapewa barua, lakini aliyerukwa kwenye cheo anapewa maneno ya mdomo, tena matamu, kama vile anahurumiwa.

Kwa hiyo, wamama mulio kazini leo, kabla ya konje andikeni barua ya kusema kwamba munataka kuhesabiwa kama nafasi ya juu itafunguka. Ombeni jibu la maandishi. Pigeni picha mkataba na karatasi za mshahara, mutumie ndugu aliye mbali, kwa sababu tumeona vita inavyounguza masanduku. Mgogoro ukitokea, mlango wa kwanza ni inspekta wa kazi, anayejaribu kupatanisha kabla ya tribinali. Na wenzako walioona wanaweza kushuhudia.

Mama yule alinisikiliza mpaka mwisho, akabeba bidoni yake kichwani na mtoto mgongoni. Akacheka: «Basi haya ndiyo mapumziko yangu.»