Paka Hufa au Hufariki?

Majuma mawili yaliyopita mjukuu wangu alirudi kutoka shuleni, huku kwetu Likoni, daftari la insha mkononi na uso umemsawijika. Alikuwa ameandika: "Paka wetu amefariki." Mwalimu akalikata neno hilo kwa kalamu nyekundu na kuandika juu yake: "amekufa". Paka huyo tulimwokota akiwa mdogo kwa wachuuzi wa samaki karibu na feri, na mtoto alipozaliwa alimkuta nyumbani. "Babu," akaniuliza, "kwani hakuwa wetu?"

Mwalimu hakukosea. Mazoea ya Kiswahili yako wazi: binadamu hufariki au huaga dunia, mnyama hufa. Wa kwanza huacha maiti, wa pili mzoga. Kufa ni kitenzi cha Kibantu kisichochagua. Mti hufa, saa hufa, hata gari hufa njiani abiria wakashuka kulisukuma.

Hata hivyo, mazoea ni jambo moja na historia ya neno ni jambo jingine. Fariki tumelipata kutoka Kiarabu, na asili yake ni kuachana. Mzizi huo ndio uliotupa faraka na mfarakano. Kiasili, basi, neno hili haliulizi anayekwenda ana miguu mingapi. Lasema tu kwamba waliokuwa pamoja wametengana.

Na binadamu na paka wamekuwa pamoja zamani sana. Mwaka 2004 wanaakiolojia wa Ufaransa walitangaza kaburi walilolifukua kisiwani Saiprasi, la miaka 9,500 hivi: mtu amelazwa, na kama sentimita 40 kando yake, paka. Herodotus, Mgiriki wa karne ya 5 kabla ya Kristo, aliandika kuwa Wamisri walinyoa nyusi paka wa nyumba alipokufa. Nasi Waswahili twamjua Abu Huraira, sahaba wa Mtume aliyepokea Hadithi nyingi mno; lakabu yake maana yake ni baba wa kipaka.

Mfano unaonigusa zaidi ni wa Baghdad. Katika karne ya 10 mshairi Ibn al-Allaf alimtungia paka wake shairi refu la maombolezo, baada ya majirani kumuua kwa kuwala njiwa wao. Wapo waliodai kuwa paka ni fumbo tu, na kwamba aliyeliliwa ni rafiki yake, mwanamfalme Ibn al-Mu'tazz, aliyeuawa mwaka 908. Labda. Lakini naona dai hilo lafanana na kalamu nyekundu ya mwalimu: ni vigumu kwetu kukubali kwamba mtu mzima anaweza kumlilia paka, basi.

Sarufi yetu yenyewe imelegeza mlango kidogo. Mmoja ni paka wangu, ila wakiwa wengi twasema paka zangu, kama tusemavyo ndugu zangu na rafiki zangu.

Paka aliyetunzwa vizuri huishi miaka 12 hadi 15 hivi. Anayempenda ajua tangu mwanzo kuwa yamkini atamzika. Wetu tulimzika chini ya mwembe.

Nilimwambia mjukuu wangu: kwenye mtihani andika "amekufa", usije ukapoteza alama bure. Hapa nyumbani, ukipita pale mwembeni, sema amefariki. Babu yako hatakukosoa.