Kioo kimeondoka, kufuli bado haijaja

Nimepotea kwa wiki kadhaa, kazi ya kuandika programu imenibana kweli kweli. Leo naweka kazi hiyo kando kidogo tuzungumzie kamera, hasa zile za kisasa zisizo na kioo ndani.

Nianze na kisa. Binamu yangu ni mpiga picha hapa Nairobi. Arusi ndizo zinazomlisha, lakini mara moja moja hupata kazi za mashirika madogo. Miaka michache iliyopita alipewa kazi ya kuwapiga picha akina mama waliokuwa wamewakimbia waume waliokuwa wakiwapiga. Walikubaliana kwamba nyuso zao zingefichwa baadaye, picha zikishafika kwenye tarakilishi. Jioni, akiwa amechoka, alishuka kwenye matatu akausahau mkoba. Siku ya tatu akapigiwa simu. Makanga wa matatu ile alikuwa ameuokota, akaipeleka kadi kwenye saiba, akapitia picha moja baada ya nyingine hadi akaona bango la studio lenye nambari ya simu. Mtu mwema kabisa, hata pesa ya soda alikataa. Lakini nyuso za wale akina mama zilikuwa zimekwisha kuonekana naye, na mhudumu wa saiba, na yeyote aliyekuwa amesimama nyuma yao. Ilimbidi binamu yangu arudi kuwaeleza. Mmoja wao alihama wiki hiyo hiyo.

Baadaye akaniuliza: "Wewe ndiye mtu wa tarakilishi. Simu yangu ya bei rahisi ikipotea, haifunguki bila nambari ya siri. Mbona kamera iliyonigharimu mara kumi haina kufuli?" Nilidhani nina jibu. Sikuwa nalo, ndipo nikaanza kufukua historia.

Tuanze na kioo chenyewe. Katika kamera za zamani za kitaalamu, mwanga uliingia kwa lenzi, ukagonga kioo kilichoinama, ukapanda juu hadi kwenye jicho la mpiga picha. Ukibonyeza, kioo kiliruka juu ili mwanga ufike kwenye filamu. Ule mlio wa "klak" unaoujua ulitoka huko. Nikon F ya mwaka 1959 iliufanya mtindo huu kuwa chombo cha kila siku cha wanahabari, na kamera za kidijitali zilipofika ziliurithi ulivyo: filamu ikatolewa, kihisi kikawekwa mahali pake, kioo kikabaki.

Mwaka 2008 Panasonic ikatoa Lumix G1, yenye megapikseli 12. Kioo kikaondolewa, na mpiga picha akachungulia kiwambo kidogo badala ya mwanga wenyewe. Wataalamu wengi waliicheka. Wakatoa orodha ya malalamiko, na orodha hiyo, ukiisoma leo, ni orodha ya maombi. Hebu tuyapitie.

Ombi la kwanza lilikuwa kihisi kikubwa, sawa na fremu ya filamu ya milimita 35. Sony ikajibu mwaka 2013 kwa a7. Ombi la pili lilikuwa betri. Ile a7 ilihesabiwa picha 340 hivi kwa chaji moja, na mpiga picha wa arusi alitembea na betri nne mfukoni. Mwaka 2018 a7 III ikafikisha 710. La tatu lilikuwa kasi na ukimya. Mwaka 2017 Sony a9 ikapiga picha 20 kwa sekunde bila mlio wowote na bila kiwambo kuzimika. Nikon na Canon, waliokuwa wamekishikilia kioo, wakatoa kamera zao kubwa zisizo nacho mwaka 2018. Mwaka 2021 Nikon Z9 ikaondoa hata shata ya chuma.

La nne ni la kitaalamu zaidi, lakini ukiona picha yake utalielewa. Kihisi cha kawaida husomwa mstari kwa mstari, kutoka juu hadi chini. Piga picha ya matatu inayokimbia na utaiona imeinama kama mlevi, kwa sababu ilikuwa imesogea kabla mistari ya chini haijasomwa. Wapiga picha waliomba kihisi kinachosomwa chote kwa mara moja. Sony a9 III ya mwaka 2023 ikawaletea.

Miaka kumi na mitano, maombi manne makubwa, yote yamejibiwa. Kwa hiyo tusiseme watengenezaji hawasikii. Wanasikia sana. Swali ni wanamsikia nani.

Mwezi Desemba mwaka 2016, shirika la Freedom of the Press Foundation la Marekani lilichapisha barua ya wazi kwa Canon, Nikon, Sony, Fuji na Olympus. Iliungwa mkono na watengenezaji filamu na wanahabari wa picha zaidi ya 150, akiwemo Laura Poitras. Ombi lao lilikuwa moja: wekeni ndani ya kamera uwezo wa kusimba picha, yaani kuzigeuza ziwe fumbo lisilosomeka na mtu asiye na ufunguo. Walieleza kwamba picha zao hunyang'anywa na maafisa wa serikali na wahalifu, na anayezinyang'anya huwaona watu wote waliokubali kupigwa kwa siri.

Ukitazama nyuma, ombi hili lilikuwa la kurudishiwa kitu kilichopotea. Filamu ilikuwa na kufuli ya asili. Picha iliyopigwa haikuonekana hadi ioshwe gizani kwa dawa. Aliyekamata mkebe wa filamu aliweza kuuharibu kwa kuufungua juani, lakini kuona kilichomo palepale barabarani hakuweza. Mohamed Amin wetu, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 na kufungwa Zanzibar mwaka 1966 kwa sababu ya kazi yake, alifanya kazi katika dunia hiyo. Kadi ya kidijitali ikaiondoa kufuli ile bila mtu kuiaga. Leo anayekunyang'anya kamera hubonyeza kitufe kimoja tu, kile cha kutazama picha.

Je, haiwezekani kiufundi? Hapa ndipo kazi yangu inapoingia. Simu zilikwisha kuvuka mto huu zamani. Iphone ilipata usimbaji wa kifaa chenyewe na modeli ya 3GS mwaka 2009, na tangu iOS 8 ya mwaka 2014 karibu kila kilichomo hufungwa kwa nambari ya siri ya mwenye simu. Android 6.0 ya mwaka 2015 ikaifanya iwe lazima kwa simu mpya zenye nguvu ya kutosha. Na hata kwenye kamera halikuwa jambo geni. Canon iliwahi kuuza kifaa cha ziada kilichosimba picha za kamera zake kubwa kama EOS-1Ds Mark III ya mwaka 2007. Kwa hiyo mlango uliwahi kufunguliwa, ukaachwa ukajifunga.

Mimi ningeijenga hivi. Nyumbani unatengeneza funguo mbili. Ufunguo wa umma unaingia kwenye kamera, ule wa siri unabaki kwenye tarakilishi yako. Kila picha inafungwa kwa ufunguo mdogo wa bahati nasibu, na ufunguo huo mdogo nao unafungwa kwa ule wa umma. Kamera inaweza kufunga lakini haiwezi kufungua. Hata ukilazimishwa barabarani, huna cha kutoa. Na kama unataka kutazama ulichopiga, kamera ibakishe funguo ndogo kwenye kumbukumbu ya muda mpaka uizime.

Nisiwadanganye kwamba hakuna gharama. Kamera ya picha 20 kwa sekunde humwaga data nyingi mno, kwa hiyo kazi hii lazima ifanywe na sehemu maalumu ndani ya kichakataji. Na ukipoteza ufunguo wa siri, arusi ya watu imepotea nayo. Isitoshe, kadi isiyosomeka inaweza kumtia shaka askari kuliko picha yenyewe. Hayo yote ni ya kweli. Lakini ni kasoro za kupimwa na mwenye kamera, achague kuwasha au kuzima. Kwa sasa hana cha kuchagua.

Wengine hujibu, "Si tuandike programu wenyewe?" Ilishajaribiwa. Mwaka 2009 Trammell Hudson alianzisha Magic Lantern, programu ya kuongezea Canon 5D Mark II uwezo ambao kiwanda hakikuuweka. Ilipendwa mno na watu wa video. Sony nayo mwaka 2012 ilifungua duka la programu za kamera kuanzia NEX-5R, kisha kamera zake za baadaye zikaliacha. Duka hilo lilikuwa mali ya kiwanda, na Magic Lantern ilitegemea kuchungulia dirishani. Kamera uliyoinunua kwa pesa yako bado si yako kwa ndani.

Badala ya kufuli, walichokiweka ni muhuri. Muhuri huthibitisha kwamba picha ilitoka kwenye kamera fulani na haijachezewa. Wakati huu wa picha za kubuniwa na mashine ni jambo la maana. Canon na Nikon walijaribu miaka ya nyuma, na kampuni ya ElcomSoft ikaonyesha kasoro za mfumo wa Canon mwaka 2010 na wa Nikon mwaka 2011. Leica M11-P ikaja na muhuri wa kisasa mwaka 2023. Mwaka 2025 Nikon ililazimika kubatilisha vyeti vya huduma yake baada ya kasoro kugunduliwa kwenye Z6III.

Tuelewane hapa. Muhuri unamlinda msomaji wa gazeti, na unamlinda mwenye gazeti. Aliye kwenye picha haumlindi hata kidogo. Barua inaweza kuwa na muhuri na bahasha ikawa wazi. Kwa wale akina mama, muhuri ungethibitisha tu kwamba ni wao kweli.

Matumaini yapo kidogo. Kamera kadhaa sasa zina hifadhi ya ndani. Hasselblad X2D ya mwaka 2022 ina terabaiti 1, na Sigma BF ya mwaka 2025 haina hata tundu la kadi. Picha zikikaa ndani ya kamera, kuzifunga kunakuwa rahisi, kama ilivyo kwenye simu. Na huku kwetu, tangu Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, sura ya mtu ni data ya mtu. Mpiga picha anayeishika kwa kazi ana wajibu wa kuilinda, iwe kamera inamsaidia au la.

Kwa hiyo ukimsikia mtu akitaja anachotaka kwenye kamera ijayo, megapikseli na picha 40 kwa sekunde, mwongezee hili moja. Maombi manne ya kwanza yalijibiwa kwa sababu walioyaomba walikuwa wengi na walikuwa wanunuzi. Wanaohitaji kufuli zaidi ni walio mbele ya lenzi, na wao hawanunui kamera.

Binamu yangu bado anapiga arusi kwa ile kamera yake nzuri. Lakini akipata kazi kama ile ya akina mama, huiacha nyumbani na kupiga picha kwa simu.

Haya, tuonane tena nikipata nafasi.